Mkupuo ukishaingia: utafiti wa furaha kwa wanaokaribia kustaafu

(Hotuba kwenye semina ya wastaafu watarajiwa, imehaririwa kidogo kwa ajili ya kusomwa)

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu, dada zangu na kaka zangu mnaokaribia kukabidhi ofisi: shikamooni. Wa rika langu, habari za asubuhi.

Kwanza niwatoe hofu. Sikuja kuzungumzia kikokotoo, ile kanuni ya kupigia hesabu mafao yenu. Nimeona kwenye ratiba kimepangiwa saa yake baada ya chakula, na najua nusu ya ukumbi imekuja kwa ajili hiyo. Mimi nafundisha saikolojia. Nimeombwa nieleze watafiti wamegundua nini kuhusu furaha ya binadamu, nami nitaeleza huku nikitupia jicho zile fedha za mkupuo mtakazopokea kwa mara moja mkistaafu, maana mambo haya mawili hutenganishwa bure. Anayefundisha uwekezaji hagusi moyo, na anayehubiri habari za moyo huwaambia kwamba pesa si kitu. Huyu wa pili ndiye anayeniudhi zaidi, kwa sababu utafiti haumuungi mkono.

Tufanye zoezi. Kwenye karatasi mliyokuta mezani, chora ngazi. Kidato cha chini kabisa andika sifuri, cha juu andika kumi. Kumi ni maisha mazuri kuliko yote unayoweza kuyapata wewe, sifuri ni mabaya kuliko yote. Leo umesimama kidato gani? Weka alama, usimwonyeshe mtu.

Namwona mama mmoja hapa mbele ameandika sita, akachungulia karatasi ya mwenzake, akafuta, akaandika tano. Mama, samahani kukutaja. Umenifanyia nusu ya kazi yangu, nitakuja kueleza kwa nini.

Swali la ngazi lilibuniwa na Hadley Cantril, mtafiti wa Marekani, katika miaka ya 1960. Leo shirika la Gallup huwauliza watu swali hilohilo katika nchi zaidi ya 140, na majibu yao ndiyo yanayotengeneza Ripoti ya Furaha Duniani, inayotoka tangu 2012. Kila Machi mnasikia kwenye redio Finland imekuwa ya kwanza tena. Imeshika nafasi hiyo mfululizo tangu 2018. Sisi Tanzania mwaka 2019 tulikuwa wa 153 kati ya nchi 156. Watu walikasirika sana, wakasema Wazungu hawajawahi kufika kwenye harusi ya Kizaramo.

Hasira ile ilikuwa na haki kidogo. Ngazi haimuulizi mtu amecheka mara ngapi jana. Inamtaka ayapime maisha yake yote na kuyapa alama, na mtu anapoyapima hufikiria ada, paa, hospitali. Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti uliofanyika Uingereza ambapo watafiti waliwauliza watu walichokuwa wakikifikiria walipojibu. Swali lenye picha ya ngazi liliwapeleka watu kwenye mali na mamlaka. Ngazi ilipoondolewa na maneno kubadilishwa, mawazo yakaelekea zaidi kwenye familia, marafiki na afya. Ndiyo maana wanasaikolojia hutenganisha mambo mawili: unavyoyahukumu maisha yako, na unavyojisikia siku hadi siku. Mtu anaweza kuwa juu kwa moja na chini kwa jingine. Mwaka 2005 Robert Biswas-Diener na wenzake walichapisha majibu ya Wamasai wanaoishi kwa jadi nchini Kenya, na wengi wao walijiweka upande wa kuridhika, licha ya mali ambayo Ulaya ingehesabiwa kuwa hakuna kitu.

Basi, pesa.

Mwaka 2010 Daniel Kahneman na Angus Deaton walitangaza kwamba, kwa Wamarekani, hali ya moyo ya kila siku hupanda pamoja na kipato mpaka kama dola 75,000 kwa mwaka, halafu hukoma kupanda. Habari ikazunguka dunia nzima. Hapa ndani kama yupo aliyefikia kiwango hicho anyooshe mkono tumkope. Mwaka 2021 Matthew Killingsworth, aliyekuwa akiwatumia watu maswali kwenye simu mara kadhaa kwa siku, wanajisikiaje dakika ileile, akasema yeye haoni hapo inapokomea. Badala ya kurushiana maneno, mwaka 2023 Kahneman na Killingsworth waliketi pamoja na Barbara Mellers, wakazipekua upya takwimu zao. Wakakuta kwamba kwa watu wengi furaha huendelea kupanda kadiri kipato kinavyopanda. Isipokuwa kundi moja, ile asilimia 20 ya watu wenye huzuni kuliko wenzao. Hao pesa huwainua mpaka mahali fulani, kisha basi. Aliyefiwa au ambaye ndoa inamuumiza, pesa humwondolea zile adha zinazoondoka kwa pesa. Zikiisha hizo, anabaki na kilichomo moyoni.

Huo ni mshahara, unaokuja kidogo kidogo. Ninyi mnasubiri mkupuo, nao una utafiti wake. Wa zamani unaosimuliwa sana ni wa Philip Brickman na wenzake, 1978, uliolinganisha washindi 22 wa bahati nasibu ya jimbo la Illinois, majirani wao wa kawaida, na watu 29 waliopooza kwa ajali. Utasikia ikisemwa kwamba mshindi na aliyepooza walikuwa na furaha sawa. Si kweli; waliopooza walijipa alama za chini, ingawa si za chini kiasi watu walivyotarajia. La ajabu lilikuwa kwa washindi. Hawakuwazidi majirani zao kwa furaha kiasi cha maana, na vitu vidogo vya kila siku, kama kupiga soga na rafiki, kula kifungua kinywa, kusikia kichekesho, viliwapa raha pungufu kuliko wenzao. Lakini watu 22 ni wachache. Hivi karibuni Sweden wamefuatilia washindi wengi zaidi, na walioshinda fedha nyingi walikuwa bado wameridhika zaidi na maisha yao zaidi ya miaka kumi baadaye. Furaha yao ya siku kwa siku haikubadilika kwa kiasi hicho.

Kwa hiyo pesa ya mkupuo inasaidia. Swali ni inasaidia nini, na inamsaidia nani. Hapo niwapeleke kwa majirani zetu.

Rarieda, Siaya, magharibi mwa Kenya, karibu na Ziwa Victoria. Kati ya 2011 na 2013 shirika la GiveDirectly liligawa fedha kwa M-Pesa bila sharti lolote. Ili kaya iingie kwenye kura, kigezo kilikuwa cha kuonekana kwa macho: nyumba iwe imeezekwa kwa nyasi. Wengine walipata fungu dogo, wengine karibu mara nne yake. Wengine walipewa kwa mkupuo, wengine kila mwezi kwa miezi tisa. Nyumba nyingine alipewa mke, nyingine mume. Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro ndio waliofuatilia.

Waliopata walikula vizuri zaidi, mali ikaongezeka, msongo na sonona vikapungua, furaha na kuridhika na maisha vikapanda. Matumizi ya pombe na tumbaku hayakuongezeka, na jambo hilo nalisema polepole ili wale wanaodhani maskini hajui kutumia pesa walisikie. Waliolipwa kila mwezi walikuwa na uhakika zaidi wa chakula. Waliolipwa mkupuo walinunua vitu vya kudumu, hasa mabati. Watafiti walipima hadi mate ya watu, kutafuta kotisoli, homoni inayopanda mtu anapokuwa na msongo. Kwa jumla haikubadilika, lakini ilikuwa chini zaidi kwa waliopata fungu kubwa kuliko fungu dogo, na ilikuwa chini zaidi fedha zilipopitia kwa mke kuliko kwa mume. Kina baba, msininunie. Nendeni nyumbani mkajadiliane.

Sasa tazameni kijiji kilekile kwa jicho la asiyepata. Mwaka jana nyumba yako na ya jirani zote zilikuwa za nyasi, mvua ikinyesha wote mnahamisha vyungu. Leo kwake kuna bati jipya, linang'aa kuanzia asubuhi. Wewe hujapoteza hata senti. Nyasi zako ni zilezile, shamba ni lilelile. Lakini Haushofer, Shapiro na James Reisinger walipowauliza wasiopata, waligundua kuwa kadiri majirani walivyopata zaidi, ndivyo wao walivyozidi kutoridhika na maisha yao. Haikuwa sonona, wala msongo haukupanda sana. Ilikuwa ile hukumu ya maisha, ile ngazi. Mtu alishushwa kidato na bati la mwenzake. Baada ya muda kidonda kilipungua, watu wakazoea. Niongeze, kwa haki, kwamba utafiti mwingine mkubwa zaidi uliofanyika Siaya, kwenye vijiji 653, ulionyesha wasiopewa nao matumizi yao yaliongezeka, kwa sababu waliopewa walinunua kwao. Mfuko unaweza kunenepa huku moyo ukilalamika.

Mama wa sita na tano, umeona sasa? Hukupungukiwa na chochote kati ya alama ya kwanza na ya pili. Ulichungulia tu.

Kwenye kustaafu hatari hii inakuja kwa pande mbili. Utakuwa jirani mwenye bati, na pia utakuwa jirani wa nyasi, kwa sababu kuna mwenzako mliyeajiriwa pamoja aliyestaafu mapema akajenga ghorofa. Ushauri wangu, na huu ni wangu, sitamsingizia mtafiti: fungu la kwanza la mkupuo lielekee kwenye adha, si kwenye sifa. Deni linalokukosesha usingizi. Jino. Choo kilicho mbali na mlango, maana magoti ya miaka sabini si haya ya leo. Maji ya kuingia ndani. Vitu hivyo hakuna atakayekusifia, ila vinakusumbua kila siku ya Mungu, na pesa inaviondoa kweli. Nyumba ya kumzidi fulani haina mwisho, kwa sababu fulani naye anaongeza chumba.

Niseme kuhusu kutoa, kwa kuwa najua simu zitakavyolia wiki mafao yatakapoingia.

Mwaka 2008 Elizabeth Dunn na wenzake kule Vancouver waliwapa watu bahasha yenye dola 5 au 20. Nusu waliambiwa wazitumie kwao wenyewe kabla ya jioni, nusu wazitumie kwa mtu mwingine. Jioni waliotumia kwa wengine walikuwa na furaha zaidi, na kiasi cha pesa hakikuleta tofauti. Ukisema hao ni Wakanada walioshiba, sikulaumu, nami niliwaza hivyo. Lara Aknin aliendelea, akaangalia takwimu za nchi 136, akafanya pia majaribio Kanada na Uganda, akiwataka watu wakumbuke mara waliyotumia pesa kwa ajili ya mtu mwingine. Simulizi zilitofautiana: Waganda walitaja zaidi shida, dawa za mtu aliyeugua, mambo tunayoyajua. Lakini kumbukumbu ya kumsaidia mtu iliwapandisha moyo kote kuwili kuliko kumbukumbu ya kujinunulia.

Ila kuna masharti mawili, na hapa naomba kalamu zishikwe. Netta Weinstein na Richard Ryan walionyesha mwaka 2010 kwamba anayetoa kwa hiari yake hufaidika moyoni. Anayetoa kwa kubanwa hafaidiki. La pili, furaha huongezeka mtoaji akiona pesa yake imefanya nini. Aknin na wenzake walilinganisha watu waliochangia shirika kubwa la watoto, lenye kazi nyingi, na waliochangia mradi ambao dola 10 ni chandarua kimoja cha mbu. Kadiri mtu alivyotoa zaidi kwa chandarua, ndivyo alivyofurahi zaidi. Kwenye lile shirika kubwa, ukubwa wa mchango haukubadili kitu.

Tafsirini wenyewe. Mkupuo umeingia, mpwa anataka pikipiki ya bodaboda, shemeji ana msiba, kwaya inataka kinanda, kamati ya harusi imekuandikia ahadi kabla hujaahidi. Ukimgawia kila mmoja kwa kuona haya, utabaki huna pesa wala furaha ya kutoa, na ndugu hawatatosheka. Chagua jambo moja au mawili, yatangaze nyumbani mapema, kabla fedha hazijatoka. Mtoto fulani, ada fulani, mpaka amalize. Mengine utasema nimeshaahidi kwingine, na hutakuwa umedanganya.

Tuingie kwa watu.

Mwaka 1938 Chuo Kikuu cha Harvard kilianza kuwafuatilia vijana 268 waliokuwa wakisoma pale, na baadaye wakaunganishwa na wavulana 456 waliotoka kwenye mitaa maskini ya Boston. Wanaume 724, wote weupe, na hilo ni pengo tusilolifumbia macho. Wake zao na watoto waliongezwa miaka mingi baadaye. Watafiti wakuu wamestaafu, wengine wamekufa, kazi inaendelea; Robert Waldinger ni mkuu wake wa nne. Wamepimwa damu, wamehojiwa sebuleni kwao, wamefuatiliwa vitani na kwenye ndoa. Walipofika miaka 80, watafiti walirudi kutazama rekodi zao za walipokuwa na umri wa miaka 50, kuona ni nini kingeweza kutabiri nani atazeeka vizuri. Lehemu (kolesteroli) kwenye damu haikutabiri vizuri kama jinsi mtu alivyoridhika na uhusiano wake na watu. Na kuhusu kustaafu kwenyewe, waliofurahia zaidi ni wale waliojitahidi, kwa makusudi, kupata marafiki wapya mahali pa wenzao wa kazini.

Kwa makusudi. Kwa sababu ofisi ilikupa watu bure. Yule mliyekuwa mnagombania feni, mhudumu aliyejua chai yako haina sukari, hata yule mkuu wa idara usiyempenda, wote walikuwa wakikuita jina lako kila siku na hukuwahi kulipia. Siku ya Jumatatu ya kwanza baada ya kukabidhi ofisi hakuna atakayekuita. Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya mwaka 2010 tafiti 148 zenye watu zaidi ya 300,000, wakakuta wenye uhusiano imara na watu walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuendelea kuishi, kwa asilimia 50 hivi, katika muda wa kufuatiliwa. Kina mama hapa wana akiba: kikoba, jumuiya, ngoma, msiba. Wanaume wengi tuna kazi na kaunta ya baa. Kazi ikiondoka, mtabaki na nini?

Hata mazungumzo ya njiani yanahesabika. Nicholas Epley na Juliana Schroeder waliwaomba abiria wa treni na mabasi ya Chicago wazungumze na mtu wasiyemjua. Watu walitabiri safari itakuwa ya kero. Ikawa nzuri kuliko ya waliokaa kimya. Nakiri daladala zetu haziwahitaji watafiti kuanzisha mazungumzo, ingawa siku hizi na sisi tumezama kwenye simu.

Kuna mambo nimeyaruka kwa kukusudia: kuandika daftari la shukrani, kutafakari kimya kimya, kutembea penye miti. Yanatangazwa mno. Mwaka 2023 Dunn huyuhuyu na Dunigan Folk walizipitia tafiti za mbinu zinazopendekezwa sana, wakaziweka kando zilizokuwa na watu wachache au ambazo watafiti hawakutangaza mpango wao kabla ya kuanza. Zikabaki chache mno. Kuonyesha shukrani na kuchangamana na watu kulikuwa na ushahidi kiasi. Kutafakari, mazoezi na matembezi ya miti havikuwa na ushahidi imara wa kumwongezea furaha mtu ambaye tayari yuko sawa. Tembeeni kwa ajili ya shinikizo la damu, hilo halina ubishi. Msiuziwe tu semina ya laki tano ya kufundishwa kupumua.

La mwisho, na hili nimeliweka mwisho kwa sababu ni kazi. Harare, Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alikuwa na wagonjwa wengi, na nchi ilikuwa na madaktari wa akili wachache mno. Alianza na bibi 14 wa mtaa wa Mbare, wahudumu wa afya wa kujitolea, akawafundisha kumsikiliza mtu na kumsaidia achague tatizo moja la kuanza nalo. Vifaa vyao vilikuwa benchi la mbao kwenye uwanja wa zahanati, penye kivuli. Mgonjwa anakuja, anakaa, bibi anauliza, anasubiri, anauliza tena. Hakuna koti jeupe. Matokeo ya jaribio rasmi yalichapishwa mwaka 2016: watu 573 katika zahanati 24. Baada ya miezi sita, waliokaa na bibi walikuwa na wastani wa alama 3.81 kwenye kipimo cha dalili za sonona na wasiwasi, na waliopata huduma ya kawaida 8.90. Wazo hilo limeshafika Malawi na Zanzibar. Kenya nako, jaribio la programu ya Shamiri lililochapishwa 2021 lilitumia vijana wa miaka 17 hadi 21 kuwafundisha wanafunzi 413 wa sekondari, vikao vinne tu, na dalili za sonona zikapungua.

Sasa nikitazama ukumbi huu naona wauguzi, walimu, maofisa ustawi wa jamii, katibu muhtasi mmoja aliyesikiliza siri za wakurugenzi kwa miaka zaidi ya thelathini. Mko na umri uleule wa wale bibi, wengine mko wadogo kwao, na mnajua kusikiliza kuliko mnavyojua. Karatasi ya majina iko mlangoni, kwa mkono wa kulia. Tunataka watu kumi wa kuanzia, tuwafundishe, tuweke mabenchi kwenye zahanati mbili za wilaya hii. Hakuna posho. Nauli ipo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Anayenifuata ni bwana wa hatifungani za serikali. Mwulizeni riba, mwulizeni kodi, mwulizeni pia ukitaka pesa yako kabla ya muda unaitoaje. Maswali yangu nitayajibu kwenye chai.